Shibiri Moja ya Kimya

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na kila aliyekalia upande wa tofali alijua kwamba mjadala ukipamba moto ni yeye atakayeanguka. Asubuhi hiyo upande huo alikaa Dereva, aliyestaafu malori lakini hakustaafu kelele. Pembeni yake alikaa Kinyozi na kikombe chake cha kahawa. Mlangoni, Fundi mwenyewe alikuwa amefungua tumbo la pasi ya mteja, bisibisi mkononi, masikio kwenye benchi. Tangu alfajiri redio ilikuwa ikitangaza kwamba Manywele amefariki, yule mpiga gitaa wa roki mwenye nywele za kufika kiunoni. Jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka, na hilo halikuwazuia kumwita wa kwao.

Walikwishamaliza nywele, wake na magitaa aliyoyavunja. Sasa walikuwa wamefika pale walipofika kila mara kwa miaka thelathini: wimbo wa mwisho, upande wa pili wa kanda yao ya pekee, ambao redio haikuwahi kuupiga. Katikati ya solo, gitaa likiwa juu kabisa, Manywele ananyamaza. Unaweza kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha anaendelea.

— Uzi ulikatika, alisema Dereva. Kaufunga fundo, kaendelea.

— Kwa sekunde nne?

— Wewe unamaliza kichwa kizima kwa dakika mbili, nani amewahi kukuuliza?

Kinyozi alishikilia kwamba mtu yule aliletewa studio habari za msiba wa ndugu yake, akameza mate kwanza. Habari hizo alikuwa nazo tangu alipomzika kaka yake, mwenye kanda. Kabla ya hapo alikuwa akisema ni kikohozi. Dereva, alipoona anazidiwa, akapandisha dau: pale Manywele alikufa, alikufa kabisa, wakamzindua kwa maji ya ndoo, na ndiyo maana hakuwahi kuupiga wimbo ule jukwaani.

— Kwa hiyo leo kafa mara ya pili, alisema Kinyozi.

— Leo kamalizia.

Fundi alikaza skrubu iliyokuwa imeshakazwa. Siku kaka yake Kinyozi alipoleta redio kaseti kusafishwa, pamoja na kanda mpya aliyoinunua asubuhi ile ile, Fundi alikuwa na mwaka mmoja kazini na kiherehere cha miaka kumi. Alibonyeza kabla hajakirudisha sawasawa kigurudumu kinachovuta utepe, mashine ikautafuna. Akakata palipoharibika. Angeunga ncha kwa ncha, mdundo ungeruka na angeumbuka, basi akapachika shibiri moja ya utepe mtupu. Mwenye kanda alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema huyu mtu kajua pa kunyamaza. Fundi akauchuna. Kila mwaka kusema kukawa kugumu zaidi, na baada ya mazishi, ambako kanda ile ilipigwa na watu wakalia pale pale kwenye utepe mtupu, aliona heri afe nalo.

Hakuwahi kufikiria kwamba Manywele angetangulia, na kwamba redio, kwa heshima ya msiba, ingepiga hata nyimbo za upande wa pili.

Wimbo ulipoanza, mama mmoja mshonaji alikuwa amefika kufuata pasi yake. Benchi zima lilimwomba asubiri kidogo. Solo ikapanda, ikapanda, ikafika pale. Ikapita. Gitaa liliendelea kukimbia bila kugeuka nyuma, na kwa sekunde nne wakasikia muziki ambao hawakuwahi kuusikia. Haukuwa mzuri sana.

Dereva alisema hao wa redio wameongeza vyao. Mshonaji aliuliza kulikoni, wakamweleza, huyu akianza na yule akimalizia. Mama akawatazama kama anavyotazama nguo ya mteja mwongo.

— Basi kanda yenu ina kiraka. Nani alikitia?

Dereva alimtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Dereva. Fundi angeweza kunyamaza. Marehemu mwenye kanda asingerudi kutoa ushahidi, na kiwanda kilichotoa kanda kilikuwa mbali. Aliweka bisibisi chini.

— Mimi.

Akaeleza yote, pamoja na kigurudumu. Hakujitetea. Dereva alifungua mdomo, akaufunga ukiwa mtupu, jambo ambalo benchi lile halikuwahi kuliona.

— Kaka yangu alijua? aliuliza Kinyozi.

— Hakujua. Nilimficha.

Kinyozi aligeuzageuza kikombe. Redioni walikuwa wameshahamia kwenye habari za hali ya hewa.

— Miaka kumi na miwili nalia pale, alisema.

— Najua, kaka. Nilikuwa nakuona.

— Gitaa lenyewe halijawahi kuniliza. Hata siku moja. Ni pale tu. Kumbe nilikuwa nakusikiliza wewe.

Fundi aliona aibu, na chini ya aibu ile akaona furaha isiyofaa kabisa siku ya msiba, akainama juu ya pasi ya watu ili wasiione.