Koti la Jenerali: Maisha ya Marehemu Stefano Boga Kalama (1908–1949)

Marehemu Stefano Boga Kalama alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1908, mtoto wa kwanza wa Mzee Kalama wa Ngala na Mama Nyamvula. Alikuwa na miaka sita alipozaliwa ndugu yake wa pekee, Kahindi. Mama yao husimulia kwamba siku ile Stefano alimtazama mtoto kwa muda, kisha akauliza, "Huyu atarudi kwao lini?" Watu walicheka. Yeye alikuwa akiuliza kweli.

Mwaka 1916 familia ilihamia Kongowea, naye akasoma katika shule ya misheni hadi darasa la nne. Masomo aliyapenda na hati yake ilikuwa nzuri, lakini shamba lilimhitaji mtoto mkubwa. Aliyeendelea hadi darasa la saba ni Kahindi.

Mwaka 1925 alijifunza ushonaji kwa fundi Nassor, kule kisiwani Mombasa, na mwaka 1931 akaweka cherehani yake mwenyewe barazani Kongowea. Kanzu za Idi, suruali za makarani na magauni ya harusi ya Kisauni nzima yalipita mikononi mwake. Tarehe 6 Agosti 1932 alifunga ndoa kanisani na Bi Nyevu wa Magogoni, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Marehemu alipenda ngoma ya beni, ile ya tarumbeta na sare za kuigiza jeshi. Kanisa halikuridhia, naye hakuficha. Chama chao kilikuwa na vyeo vya wakubwa wote wa dunia: Kingi, Gavana, Jenerali, Dokta. Aliingia akiwa askari mtupu, na baada ya miaka kumi na mmoja ya kuwashonea wenzake sare, alikuwa Meja. Jenerali wa chama alipofariki mwanzoni mwa mwaka 1946, hakuna aliyedhani cheo hicho kingempita. Nyumbani Bi Nyevu alikwisha kuanza kumwita Kaisari.

Mwezi Machi Kahindi akarudi kutoka vita vya Bama, mbali huko Asia, koplo wa Keya, jeshi la Mwingereza, baada ya miaka sita. Wateja waliokuja kupimwa waligeuza viti vyao wamsikilize yeye. Paja la kuku, ambalo siku zote lilikuwa la mwenye nyumba, likahamia sahani ya shemeji. Marehemu aliyaona yote hayo na kuyahesabu moyoni. Kisha Mzee Shee, Kingi wa chama, akaja barazani.

"Meja, kazi yako twaijua, wallahi. Lakini watu wamtaka nduguyo awe Jenerali."

"Ngoma amecheza lini?"

"Hakucheza. Lakini ameiona vita yenyewe. Sisi twaigiza tu."

"Na koti?"

"Utalishona wewe. Nani mwingine?"

Alilishona siku tisa.

"Kaisari, chai yapoa," Bi Nyevu alimwambia.

"Iache ipoe."

"Hiyo sindano waichoma kana kwamba wamchoma mtu."

Akavuta uzi, akachoma tena.

Kwa desturi ya chama, mwenye cheo kipya halijaribu koti lake. Huletewa likiwa limekunjwa juu ya sinia, akavikwa mbele ya watu wote. Marehemu alilijua hilo, akalibana kwa uzi kwapa la kulia, mkono usiweze kupanda. Jumamosi tarehe 17 Agosti, uwanjani Mishomoroni, tarumbeta zilipigwa na Jenerali mpya akatakiwa apige saluti. Mkono ulifika kifuani ukakwama. Akajaribu tena.

"Jenerali ajikuna tumbo!" mtu mmoja akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kahindi alingoja wanyamaze. "Niwieni radhi," alisema. "Ni bega hili. Lilipata risasi Bama."

Kicheko kikakatika. Wanawake wakamwonea huruma hadi machozi, na tangu siku ile akaitwa Simba wa Bama. Marehemu alikiri baadaye kwamba hilo lilimuuma kuliko kukosa cheo, kwa kuwa hata aibu aliyomshonea nduguye iligeuka kuwa sifa. Juma lililofuata Kahindi alirudisha cheo na kuhamia Likoni. Ndugu hao hawakula pamoja tena kwa zaidi ya miaka miwili. Marehemu akapewa ujenerali, akauvaa mara moja tu, kisha akaacha ngoma na kurudi kanisani. Lakini Meza ya Bwana hakuikaribia. Alisema kuna neno hajalisema.

Kifua kilimshika mwezi Juni 1948. Alilazwa hospitali miezi mitatu, akapata nafuu kidogo, na Januari akazidiwa tena. Jumapili tarehe 6 Februari aliomba Kahindi aitwe. Bi Nyevu na mchungaji walikuwapo.

"Kahindi, lile koti nililibana mimi."

"Najua, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipolivua. Mkono ulipanda wenyewe."

"Na risasi ya begani?"

"Risasi gani? Miaka sita yote sikupigwa hata na jiwe."

Marehemu alicheka mpaka kikohozi kikambana. Alipopata pumzi, akauliza, "Mbona hukunitaja mbele ya watu?"

"Ningekutaja, nani angekuletea kitambaa tena? Wewe una watoto."

"Hata katika hili umenishinda," akasema Marehemu. Siku ile ile alishiriki Meza ya Bwana, akiwa ameshikwa mkono na nduguye.

Aliagiza habari hizi zisomwe leo mazikoni, kwa sababu kicheko cha Mishomoroni kilikuwa cha hadharani. Kahindi amekubali, ingawa zinamnyang'anya risasi moja. Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 8 Februari 1949, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arubaini.

Ameacha ndugu yake, Koplo Kahindi Kalama. Mwenyewe ndiye aliyetaka jina hilo litangulie majina yote, na liandikwe pamoja na cheo chake. Ameacha pia mama mzazi, Nyamvula. Mjane wake, Bi Nyevu. Na watoto, Kalama, Kanze na Selpher.

Bwana aliyemsamehe ampumzishe kwa amani, mahali ambapo hakuna cheo cha kugombea.