Vitufe Kumi na Barua Moja ya Onyo

Baada ya miaka ishirini na saba katika maabara ya damu hapa Kumasi, Bi. Frema Asubonteng anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023. Utawala umeniomba wasifu wa kuchangamsha. Nimejaribu, lakini nina hasira.

Alianza kama karani, akiandika lebo kwa mkono. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alijifundisha mwenyewe saa za chakula, donge la kenkey mkono mmoja, akatuundia programu tunayotumia hadi leo. Wakati fulani picha za mifuko ya damu zilikuwa zikitokea kwenye dirisha la programu na kutoweka papo hapo. Sisi wasomi tukailaumu kompyuta. Yeye akauliza tu, "Nani ameishika?" Hakuna. Programu ikimaliza kuichora, picha ilibaki haina mwenyewe, na Python hufagia kisicho na mwenyewe. Akaifungia kwenye dirisha lenyewe, ikakaa. Tangu hapo hata kikombe kikipotea jikoni tunaulizwa swali lilelile.

Mwaka 2017 alikwenda kwao Mampong kumzika mama yake. Huku nyuma mtu akaongeza vitufe kumi kwenye programu kwa mzunguko mmoja, yaani amri inayojirudia, kila mgonjwa na chake. Kila kitufe kiliambiwa kichape lebo ya "mgonjwa wa sasa", na hakikutazama ni nani mpaka kilipobonyezwa. Mzunguko ulishafika kwa wa kumi zamani. Lebo zote zikatoka na jina la huyo wa kumi, Mzee Nkansah. Nesi Boatemaa ndiye aliyeshtuka. "Mzee huyu ana makundi matatu ya damu? Ni mtu au ukoo?" Bila yeye tungeua.

Bi. Frema alirudi na nguo za msiba mwilini, akakifanya kila kitufe kishike jina la mgonjwa wake tangu kinapoundwa. Shukrani yake ikawa barua ya onyo, eti programu ni yake na kosa ni lake. Hakuna aliyemuuliza hata alikuwa wapi siku ile. Kwa barua hiyo alinyimwa ukuu wa kitengo mara mbili.

Aliyekosea alimjua. Kijana huyo alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, angefukuzwa siku hiyohiyo. "Wewe kaa kimya ujifunze kazi," alimwambia, naye, mwoga yule, akakaa kimya miaka sita.

Mwoga yule ni mimi, Kwabena Ofosuhene, mkuu wa kitengo. Wakubwa, ungamo langu liko mezani kwenu tangu asubuhi. Litoeni jina lake kwenye onyo lile kabla ya Ijumaa, mliweke langu.

Maame Frema, mama yetu, asante. Nenda Mampong ukale, ukalale, ukacheke. Mungu akuzidishie miaka. Na ukiuliza kuhusu barua ile, nimeishika mimi.