Ukuta wa Bibi Mwajabu katika Nyumba ya Wazee, Mkonze

Bwana Mkubwa wa Boma, Akida Athuman, Jumbe wetu Sila, Bwana Pasta, nawe Mwalimu wa chuo cha Kurani uliyetoka Dodoma kwa miguu pamoja na wanafunzi wako, mabwana wafanyabiashara wa sokoni, mama zangu mliopika tangu alfajiri, ndugu wageni waalikwa:

Nawasalimu wote kwa heshima inayomstahili kila mmoja. Nilipewa karatasi yenye mpangilio wa majina, nami nimeufuata kama nilivyoagizwa. Sasa niruhusuni nitoke kidogo nje ya karatasi. Wazee wangu kumi na mmoja wa nyumba hii, mlioketi hapo mbele kwenye vigoda vyenu, shikamooni. Na kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi.

Kwa wasionijua, mimi ni Kefa, mwalimu wa shule ya hapa Mkonze na karani wa baraza la nyumba hii. Nimechaguliwa kusema, si kwa sababu nimefanya jambo kubwa katika kazi tunayoizindua leo. La hasha. Nimechaguliwa kwa sababu nilikuwepo tangu mwanzo, na kwa sababu, kama mtakavyosikia, mimi ndiye niliyekaribia kuiharibu.

Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya watu waliobaki njiani. Reli ilipofika Dodoma, miaka mitatu iliyopita, tulishangilia, na sauti yangu haikuwa ndogo. Lakini ni nani kati yetu aliyejiuliza siku ile, je, mpagazi aliyebeba mizigo kwa miaka thelathini ataelekea wapi? Misafara ilikwisha. Wengine walikuwa hawana tena kwao pa kurudi, maana kwao kulishahama, au kulishasahau sura zao. Na wale mama waliochukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakaja kuachwa huru wakiwa wazima, nani angewaonyesha njia ya kwenda kwenye kijiji ambacho hata jina lake hawalikumbuki? Tuliwakuta kwenye vibaraza vya maduka, wamejikunyata kwa baridi ya mwezi wa saba, nasi tukiwapita kwenda sokoni.

Jumbe Sila hakuwapita. Alitoa uwanja huu. Bwana Pasta akaleta mafundi wa milango, Akida Athuman na wenzake wa sokoni wakaleta miti na mtama, na watu wa Mkonze wakapandisha udongo juu ya dari mpaka tembe ikakamilika. Leo humu ndani wanaosali na wanaoswali wanapakua kwenye chungu kimoja, na kama kuna ugomvi, basi ni wa nani alikalia kigoda cha nani. Tunayo haki ya kujivunia hilo.

Ikabaki ukuta. Ni huu wa uani, hatua ishirini na sita, unaopata jua la asubuhi, ambapo wazee hukaa kuota jua. Sisi wa baraza tulikata shauri upambwe. Palikuwa na fundi wa rangi aliyechora meli na simba kwenye duka moja karibu na stesheni, na wote tuliyapenda yale mapicha. Tukaafikiana aitwe. Nikatumwa kuwapa wazee habari njema.

Nikawakuta hapa, nikawaeleza habari ya ile meli, tanga lake na bendera yake. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha Mzee Mbwana, huyu mnayemwona mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa mpagazi tangu ujana wake, akasema:

"Mwalimu, humu tumo kumi na mmoja. Wanne hawaoni kabisa. Mimi mwenyewe nakuona wewe kama moshi. Hiyo meli ataitazama nani? Wageni?"

Nikamwuliza, "Sasa mzee wangu, wewe ungependa nini?"

"Mimi huamka kabla ya wenzangu," akasema. "Nakuja hapa kwa kupapasa ukuta, kutoka mlangoni mpaka kwenye kigoda changu. Nataka mkono wangu ukute kitu."

Ndugu zangu, baraza zima la watu wenye macho lilikuwa halijawaza hilo. Nilipolirudisha kwa wenzangu, Akida Athuman akakumbuka mtungi wa maji ulioko nyumbani kwake, mtungi kutoka Kondoa, wenye ng'ombe waliotokeza juu ya udongo, hata ukifumba macho unaweza kuwatofautisha majike na madume. Tukauliza aliyeufinyanga. Tukaambiwa ni Bibi Mwajabu binti Shaaban. Ndiye huyu aliyekaa karibu na mlango, asiyetaka kukaa mbele hata baada ya kuombwa mara tatu.

Alifika na punda mmoja na kapu la vyombo vyake: vipande vya kibuyu, magunzi ya mahindi, na jiwe jeusi la kulainishia. Tukampa maagizo yetu. Tulitaka maua upande huu, msalaba katikati, nyota na mwezi upande ule ili pasiwe na manung'uniko. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaomba jambo moja tu, apewe mahali pa kulala humu humu, pamoja na akina bibi.

Siku nane zikapita, hajagusa udongo. Anachambua mboga na akina bibi, anawachanjia kuni, anaongea. Watu wa baraza wakaanza kunitazama kwa jicho baya, nami nikamwendea.

"Bibi Mwajabu, kazi itaanza lini?"

"Imeanza tangu nilipofika, Mwalimu. Bado watatu hawajanijibu."

Swali lake lilikuwa moja kwa kila mzee: asubuhi mkono wako ukute nini? Mmoja alitaka dume la ng'ombe alilolichunga ujanani, lenye pembe moja iliyoinamia chini. Mwingine alitaka mashina ya mtama yaliyokomaa, akafundisha kwa vidole vyake mwenyewe jinsi suke linavyojaa. Mmoja, na sitamtaja kwa kuwa ameniomba, alitaka pawe laini, pasiwe na kitu chochote. Amepewa mahali pake, patupu, palipong'arishwa kwa jiwe kwa siku mbili nzima. Hayo yote mtayaona. Udongo ni wa kichuguu cha nyuma ya shule, umechanganywa na samadi na majivu, ukakandwa kwa maji ya mlenda ili ushike. Na akina bibi walilalamika wiki tatu mfululizo kwamba ukuta unakula vizuri kuliko wao.

Mzee Mbwana aliomba njia. Njia ya kutoka pwani kupanda mpaka huku, wapagazi mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo wake. Bibi Mwajabu akawatengeneza thelathini na wawili, na kila mmoja ana shingo yake. Na nyuma ya mtu wa kumi na saba, aliyepiga magoti, akamweka askari wa msafara, ameinua kiboko.

Hapo ndipo mimi niliposhikwa na hofu. Nilijiuliza, Boma litasema nini? Je, nyumba hii haitafungwa? Kumi na mmoja hawa hawatarudishwa kwenye vibaraza kwa sababu ya kipande cha udongo? Nikaenda kwake, nikamwambia amwondoe yule askari kabla hajakauka.

Akaniwekea kisu chake mkononi. "Mfute wewe, Mwalimu. Mimi nimepewa na Mzee Mbwana. Siwezi kumnyang'anya."

Nilisimama mbele ya ukuta na kile kisu. Nakiri mbele yenu wote kwamba ncha yake ilishagusa ule mkono wa kiboko, na mwenye kutaka ataukuta mkwaruzo wangu pale mpaka leo. Mzee Mbwana alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Alisikia. Hakupiga kelele, hakuinuka.

Alisema, "Mwanangu, nilipigwa mara moja. Ukimtoa huyo, watu watafikiri nilipiga magoti kwa uvivu."

Nikarudisha kisu kapuni.

Siku ya pili yake, bila kutuma habari, Bwana Mkubwa akafika juu ya farasi. Akapita ukuta wote polepole, mikono nyuma, kisha akasimama pale pale nilipopaogopa. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu ni nani?"

Nami, mwalimu wa watoto, ninayewachapa wakisema uongo, nikajibu, "Ni mchunga ng'ombe, Bwana."

Akatazama tena. "Mwalimu, nimekaa nchi hii miaka kumi na mmoja. Ng'ombe wako wapi?"

Ardhi ya Mkonze haikufunguka kunimeza, ingawa niliiomba. Aliyejibu ni Mzee Mbwana, kutoka kwenye kigoda chake.

"Bwana Mkubwa, huyo ni mtu aliyenipiga nilipoanguka na mzigo, kwenye mlima kabla ya kuingia Mpwapwa. Na huyo aliyepiga magoti ni mimi."

"Alikuwa askari wa nani?"

"Mgongo wangu haukumwuliza, Bwana."

Bwana Mkubwa alisogea karibu na ukuta. Akanyoosha mkono, akamgusa yule aliyepiga magoti, begani. Akapanda farasi, akaenda zake, wala hakusema kwaheri.

Siku kumi na moja hatukujua hali yetu. Baadhi ya wazee walifunga vitu vyao vichache katika nguo, wakaviweka karibu na mlango. Bibi Mwajabu peke yake ndiye aliyeendelea na kazi. Alikuwa akilainisha miguu ya wapagazi, mtu kwa mtu, kana kwamba hakuna barua inayoweza kutoka Bomani. Siku ya kumi na mbili barua ikaja. Niliisoma hapa uani kwa sauti. Ilisema kwamba ukuta wa udongo hautastahimili mvua za mwisho wa mwaka, na kwamba Boma litatoa nguzo na bati za kuukinga. Basi. Niliigeuza nyuma kutafuta maneno mengine, hayakuwapo.

Bwana Mkubwa, bati hizo zi juu ya vichwa vya wazee hivi sasa. Twakushukuru kwa uliyoyaandika, na twakushukuru zaidi kwa yale ambayo hukuyaandika.

Ndugu wageni waalikwa, nimesema habari za hofu kwa urefu, kwa kuwa ni yangu. Lakini mkiniuliza ni sehemu gani ya ukuta huu ninayojivunia kuliko zote, nitawapeleka mwisho kabisa, karibu na jiko, mahali padogo ambapo mgeni anaweza kupapita.

Pale hukaa Bibi Yudith. Alichukuliwa kwao akiwa na umri wa kung'oka meno ya utoto, na macho yake yalikwisha miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mmoja wa wale watatu waliochelewa kujibu. Bibi Mwajabu alimwuliza siku baada ya siku, naye akasema kila mara kwamba hana kitu cha kuomba, kwa kuwa hakumbuki kitu. Siku moja, wakiwa wanapepeta mtama pamoja, akasema ghafla:

"Mama alikuwa na kidole kimepinda. Cha mwisho. Alikuwa akinishika, nakisikia kinanichoma hapa."

"Mkono wa kulia au wa kushoto?" Bibi Mwajabu akamwuliza.

Bibi Yudith aliweka ungo chini. Akainua mikono yake yote miwili, akaifumba na kuifumbua, akifikiri. "Kushoto. Wa kulia ulikuwa na jembe."

Bibi Mwajabu aliufanya mkono ule mara nne. Mara tatu aliubomoa mwenyewe, kwa sababu, alisema, ulikuwa mkono wa mtu yeyote. Ule wa nne aliuacha ukauke, kiganja kimefunguka, umetokeza ukutani kama mtu anayemngoja mtoto avuke naye. Akauweka chini, chini sana, kimo cha mtoto. Tukamwambia amekosea, bibi hataweza kuufikia. Akasema bibi huyu hukaa, hasimami. Nasi tuliokuwa tukimwona kila siku tukaona aibu.

Juzi ulikuwa umekauka. Bibi Yudith aliletwa, akakaa, akapapasa udongo mpaka akaupata. Alikipitia kidole kimoja kimoja. Alipofika kwenye kile cha mwisho, aliingiza mkono wake ndani ya kiganja kile, akatulia. Tulikuwa watu saba pale, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Bibi Mwajabu alikuwa amejifuta mikono kwenye kanga, akingoja, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimwona anaogopa.

"Si wake," Bibi Yudith akasema. "Wake ulikuwa na joto."

Bibi Mwajabu akainamisha kichwa.

"Lakini nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa na joto," Bibi Yudith akasema. "Sasa nimekumbuka."

Na hakuutoa mkono wake mpaka alipoitwa kula.

Mabibi na mabwana, nchi hii inajengwa majumba makubwa siku hizi. Kuna stesheni ya mawe, kuna maghala, na Boma lenyewe ni la kutisha kwa urefu. Nimeyaona na nimeyastaajabia. Lakini niambieni, ni wapi pengine katika nyanda hizi ambapo mfinyanzi alialikwa, akakaa siku nane akiwasikiliza wasiosikilizwa na mtu, kisha akawajengea walichosema? Kama ni fahari, Mkonze leo tunayo, na hatutainong'ona.

Bibi Mwajabu, tulikuomba maua ukatupatia watu. Kesho unarudi Kondoa na punda wako. Umekataa jina lako liandikwe, umesema wanaoishi humu wanakujua. Basi acha mimi nilitamke mbele ya Boma, mbele ya kanisa na msikiti, ili hata wasioishi humu walijue: Mwajabu binti Shaaban.

Wageni wetu, nguo hii iliyoufunika ukuta ikishaondolewa, msiukodolee macho kwa mbali. Njooni karibu, mnawe mikono, muuguse, wenyewe wamewaruhusu. Mkifika mwisho, karibu na jiko, ombeni kwanza ruhusa ya Bibi Yudith, maana pale pana mwenyewe.

Jua limepanda na mmenivumilia. Kwa kunipa masikio yenu, wakubwa kwa wadogo, nasema asanteni sana.