Bi Wietske na Kabati la Mama Yake

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwauzia watu wa Groningen makochi, meza na makabati, Bi Wietske Dijkema anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei. Alianzia stoo, akahamia kwa wateja, na kwa muda mrefu amekuwa mkuu wa idara ya sebule. Mimi niko idara ya mapazia, jirani yake, katika mji ambao watu hawafungi mapazia hata usiku. Macho hayana pazia, na madirisha ya hapa vilevile. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kutosha kumtazama akifanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwazuia watu wasinunue. Meneja wetu wa zamani, Bwana Hemmo, alikuwa akilalamika: "Wietske, wewe ni muuzaji au askari wa zamu?" Lakini aliowazuia walirudi, tena na ndugu zao.

Adui yake mkubwa alikuwa sherehe ya kuzaliwa. Tunajuana sisi Waholanzi: siku hiyo viti hupangwa duara, na mashangazi hukaa na keki magotini. Basi mtu ananunua kochi la kutosha ukoo mzima, halafu mwaka mzima analizunguka. "Unawanunulia shangazi zako au unajinunulia wewe?" Bi Wietske alizoea kuuliza. "Shangazi wape viti vya kukunja, hawalali hapo."

Wateja wetu, akina Postma, hawakumsikia. Walichukua kochi la kona, kubwa kuliko yote dukani. Ngazi zao nyembamba, kwa hiyo tulilipandisha nje kwa kamba, kwenye ndoano ya juu ya paa, likapita dirishani vizuri kabisa na majirani wakapiga makofi. Lilipotua, mlango wa sebule ukagoma kufunguka. Bwana Postma alipiga simu akiwa ndani na wapandishaji wetu: "Tumejifungia, jamani! Na keki iko jikoni!" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kochi likarudi lilikotoka, dirishani.

Tangu hapo kila mteja alipewa magazeti ya zamani, ayatandaze sakafuni kwa ukubwa wa kochi analolitaka, aishi nayo wiki nzima. "Ukipita na sinia la kahawa bila kugeuka ubavu, njoo ununue." Mafundisho yake mengine tumeyakariri sote. Zulia liingie chini ya miguu ya mbele ya kochi, lisiachwe peke yake katikati ya chumba. Meza ya mbele ya kochi isizidi theluthi mbili za urefu wake, na picha ya ukutani vivyo hivyo. Chumba kidogo hakitaki vitu vidogo vingi; kinataka vichache vya kimo chake.

Ila mganga hajigangi. Bi Wietske ana kabati la mwaloni la marehemu mama yake, linalokaribia kugusa dari, mashuka ya mama bado yamekunjwa ndani. Kila alikohamia, alihama nalo. Sasa anahamia fleti ndogo Zwolle, karibu na binti yake Jantina na wajukuu, na miezi yote hii hatukumsikia akitaja vipimo. Jantina alimfuata hapa dukani. "Mama, umepima?" Akajibu, "Litaingia tu." Yeye, wa kusema hivyo!

Jumatatu iliyopita aliniomba nimsindikize Zwolle, na kwapani ana magazeti. Akatandaza ya kabati, kisha ya meza ya chakula. Akashika sinia, akajaribu kupita katikati. Akageuka ubavu. Alisimama pale akalia, na sioni aibu kusema nami nililia. Kisha akainama, akaokota magazeti ya kabati, akayakunja polepole. "Mashuka hayali," alisema. "Watoto wanakula. Wakae mezani."

Kabati limekuja kwetu dukani, idara ya sebule, ukutani mkabala na ngazi. Haliuzwi. Tumetandaza magazeti kwanza, tukapita na sinia, hakuna aliyegeuka ubavu.

Asante, Bi Wietske, kwa subira yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya, furaha, na meza iliyojaa wajukuu. Ufunguo wa kabati kaa nao wewe. Ukija kututembelea, fungua mwenyewe. Mashuka ya mama hatujayagusa.