Sista Wapi, Muuguzi Asiyesema "Jikaze"

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha magunia, kitinda mimba wa baba fundi mitambo na mama mshona nguo. Mdomo alizaliwa nao. Kaka zake wanasema akijikwaa alisikika mtaa wa pili, na kumwambia anyamaze ilikuwa ni kumwongeza.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda hicho, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1975 akaingia chuo cha uuguzi. Huko alikutana na neno alilolichukia maisha yake yote: "jikaze." Wagonjwa waliambiwa wajikaze wakisafishwa vidonda, wakishonwa, hata wakijifungua. Yeye aligoma kulitamka.

Mwaka 1978 alipangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Alimkuta mwashi aliyevunjika paja, kimya kabisa, wodi nzima ikimsifu kuwa huyo ndiye mwanamume. Marehemu aliona vidole vya miguu vimejikunja, shuka limelowa jasho na chakula hakijaguswa.

"Inauma wapi, kaka?"

"Sijambo, sista."

"Sijakuuliza hali. Nimekuuliza inauma wapi. Hapa hatugawi medali."

Mtu mzima yule akalia. Muuguzi mkuu alikataa kumsumbua daktari kwa ajili ya mtu "anayedeka," basi marehemu akaenda mwenyewe kumgongea mlango, na dawa ikapatikana. Kwa utovu huo wa nidhamu alihamishiwa chumba cha kufulia. Aliporudi wodini alikuwa mbishi vilevile. Kila aliyempima joto alimuuliza na maumivu: yapo wapi, yakoje, na baada ya dawa yamepungua au bado? Wagonjwa wakambatiza Sista Wapi. Alistaafu mwaka 2016, na radhi hakuwahi kuomba.

Mumewe, fundi seremala, alikutana naye kazini. Alifika na kidole kilichopondwa na nyundo, akadai hakiumi. "Ukinidanganya kidole leo, kesho utanidanganya nini?" akaulizwa. Akakiri kinauma vibaya mno. Walioana tarehe 9 Oktoba 1982, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya mifupa. Ndugu walijaa sebuleni wakimsihi avumilie, huo ni mtihani.

"Mitihani niliimaliza chuoni," alijibu. "Leteni dawa."

Walionong'ona kwamba dawa ya mofini itamlevya aliwasikia vizuri. "Nitakuwa mlevi lini, na mimi ndio naondoka?" Binti yake mkubwa alimpa dawa kwa saa zake, bila kungoja apige kelele, na dozi ilipozidiwa nguvu iliongezwa. Aliomba asomewe wasifu huu angali hai. Tulipofika kwenye maneno "alivumilia maumivu makali kimyakimya," alinyanyua mkono.

"Futeni uongo huo. Nililia, nikasikilizwa, nikalala usingizi. Andikeni hivyo."

Tumeandika hivyo, na anayeona aibu na aone. Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2025, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, uso umelegea.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, kaka wawili, na wauguzi wengi aliowafunza.

Apumzike pasipo maumivu. Na kama miongoni mwetu tuliosimama hapa yupo anayeumwa, naye amenyamaza ili aonekane shujaa, tunamwomba kwa heshima ya mama asifike nyumbani leo kabla hajamwambia mtu.