Marcella Kathure na Mashimo ya Kuoshea Pampu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi Njuki. Leo tunamkumbuka Marcella Kathure, mkulima wa viazi kule Kibirichia, aliyefariki wiki jana kwa nimonia akiwa na miaka sitini na mmoja. Alizikwa Ijumaa. Nilikuwepo mazishini, na sitawaficha: nilirudi nyumbani nimekasirika.

Kathure alitaka kitu kimoja. Kimoja tu. Alitaka watu waache kuosha pampu za dawa mtoni.

Mnajua jinsi viazi vinavyopuliziwa dawa msimu wa mvua. Mtu akimaliza, anashuka na pampu mgongoni, anaisuuza mtoni, na maji yanageuka meupe kama maziwa. Chini kidogo ng'ombe wanakunywa. Chini zaidi watu wanachota maji ya kupikia.

Mwaka wa 2014 Kathure alienda semina ya wakulima. Huko alionyeshwa shimo la kuoshea pampu. Unalichimba mbali na mto, unalijaza udongo, samadi na majani makavu, na pampu unaioshea hapo. Dawa inabaki shimoni, inaoza polepole. Alirudi amefurahi sana. Kwenye mkutano wa kikundi cha maji akasimama, akaeleza.

Mwenyekiti wa wakati huo akamkatiza. "Mama Maxine, hebu keti. Baba zetu waliosha mtoni, na sisi tuko hai."

Watu wakacheka. Kathure hakuketi. Aligonga meza, chai ya mwenyekiti ikamwagika. "Nyinyi ni wauaji!" akasema, akatoka.

Binti yake, Maxine, ana kioski pale Nchiru. Aliniambia hivi: "Siku hiyo Mama alipalilia kwa hasira mpaka akang'oa viazi vyake mwenyewe. Jumapili kanisani hakusalimia mtu."

Akachimba shimo lake peke yake. Majirani wakaliita kaburi la Kathure. Mwaka uliofuata akarudi mkutanoni, wakamkataa. Na mwaka uliofuata tena, wakamkataa.

Ndipo akabadilisha njia. Alienda kwa jirani yake, Mzee Muthamia, akaketi, akauliza: "Mzee, niambie. Hili shimo lina ubaya gani?"

Mzee akajibu: "Shimo halina ubaya. Wewe uliniita muuaji pale mkutanoni, na watoto wangu wakisikia."

Kathure akasema: "Hilo neno nalifuta. Nisamehe. Lakini maji bado ni machafu."

Walikunywa chai, wakaagana vizuri. Mzee hakuchimba. Kathure aliendelea kwenda nyumba hadi nyumba, akiuliza na kusikiliza. Maxine anasema kila akirudi alikuwa anashika jembe kwanza, hasira ipungue, ndipo aongee na watu wa nyumbani.

Miaka sita, wasikilizaji! Miaka sita, kwa shimo ambalo watu wawili wanalimaliza kabla ya chakula cha mchana!

Mwaka wa 2020 ng'ombe wa Mzee Muthamia, mwenye mimba, alikunywa maji pale mtoni, akaanguka, akafa. Daktari wa mifugo alisema ni sumu. Kesho yake asubuhi Mzee akaja kwa Kathure, kofia mkononi.

"Nilitaka Mama amwambie, 'Si nilikuambia?'" Maxine anakumbuka. "Aliingia jikoni, akalia kwa hasira, akanawa uso. Akatoka na majembe mawili. Akasema, 'Mzee, twende kwako tuanze.'"

Leo mashimo ni kumi na manne. Kumi na manne, wasikilizaji.

Sasa sikieni kilichoniudhi. Ijumaa, jeneza likiwa pale mbele, yule mwenyekiti wa zamani alishika maikrofoni. "Sisi kama kikundi," akasema, "tulimuunga mkono mama huyu tangu siku ya kwanza."

Tangu siku ya kwanza! Nilishika kiti nisisimame.

Mzee Muthamia ndiye aliyesimama. "Usitudanganye mbele ya maiti," akasema. "Tulimcheka. Mimi pia nilimcheka. Nilimsikiliza mama huyu baada tu ya ng'ombe wangu kufa. Na yeye hakunicheka."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alirudisha maikrofoni, akaketi.

Kwako Maxine, na jamaa yote kule Kibirichia, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama yenu alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hakuacha hasira imtenge na majirani zake.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini. Katika kikundi chenu, kanisani, ofisini, kuna mtu mliyemwambia aketi. Pengine ni mwezi huu tu. Mpigieni simu leo, mumsikilize. Msingoje siku ya kumsifu kwenye maikrofoni, wakati yeye hawezi tena kuwajibu.