Mzee Pindo na Ngazi Hamsini na Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti, na kama kuna anayeosha masufuria ayaache kwanza. Tunayemkumbuka leo hakupenda kukatizwa.

Alikuwa fundi cherehani. Fundi wa suti. Watu walimwita Mzee Pindo, kwa sababu hakuweza kumaliza kuitikia salamu yako kabla ya kukagua pindo la suruali yako. Mimi nilimwamkia siku ya kwanza, akanijibu, "Marahaba. Mguu wa kushoto umezidi." Nilikwenda kujipima nyumbani. Ulikuwa umezidi kweli.

Mzee Pindo alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Figo zake ziliacha kufanya kazi miaka saba iliyopita. Miaka saba, wasikilizaji. Mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, damu yake ilisafishwa kwa mashine. Lakini sikuja hapa kuwaliza. Nimekuja kuwasimulia alivyozishinda ngazi.

Karakana yake ilikuwa ghorofa ya tatu. Ngazi hamsini na nne, lifti hakuna. Mwaka ule wa kwanza wa ugonjwa miguu ilimwishia nguvu. Anatoka kwenye mashine amechoka, analala. Kesho yake bado amechoka, analala tena. Na mwili ukilala sana, misuli nayo inalala. Ikafika mahali ngazi ya sita tu ameketi, anahema. Wanawe wawili wakajitolea kumbeba kwenye kiti. Akawaambia, "Mimi si kabati."

Basi wakawekeana ahadi. Miezi mitatu. Miezi mitatu ikiisha na baba hawezi kupanda mwenyewe, karakana inafungwa na cherehani zinashushwa. Akakubali, shingo upande. Mkewe ananiambia, "Alikubali kwa mdomo tu, mwanangu. Ufunguo wa karakana alikuwa anauvaa shingoni, hata bafuni anaingia nao."

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliingia wodi ya figo amebeba kifaa cha chuma chenye pedeli mbili, akakiweka miguuni pa mzee. Akamweleza kwamba mtu anaweza kufanya mazoezi palepale, damu ikiendelea kusafishwa. Saa mbili za kwanza, polepole, muuguzi akiangalia presha. Mzee akamtazama. "Binti yangu, mimi nimekanyaga pedeli miaka arobaini na tisa. Leo wewe ndiye wa kunifundisha?"

Akakanyaga. Na hapohapo mambo yakaharibika.

Unajua, miguu ya fundi cherehani haifanyi kazi peke yake. Miguu ikianza, mkono wa kushoto nao unaanza kusukuma kitambaa. Na mkono wa kushoto ndio uliokuwa na sindano za mashine, juu kidogo ya kiwiko. Dakika ya pili tu, mkono ukateleza mbele, unafuata mshono ambao haupo. Mashine ikapiga kelele wodi nzima. Muuguzi mkuu akaja mbio. Sindano moja ilikuwa imesogea. Haikuchomoka, tumshukuru Mungu. Muuguzi mkuu ni mama asiyecheka ovyo. Akasema, "Mzee, umesimamishwa pedeli wiki mbili. Ukizirudia, ukisogeza mkono huu hata mara moja, pedeli hizi hutaziona tena."

Mara moja tu, na karakana imekwenda.

Wiki zile mbili alikwenda kusafishwa damu kama kawaida, lakini akiwa nyumbani aliketi kwenye cherehani kuukuu ya mkewe. Bila uzi, bila kitambaa. Anakanyaga, na mkewe pembeni ameushika ule mkono wa kushoto. Ukisogea, anaufinya. Asubuhi na jioni. Mama anasimulia huku anacheka. "Miaka thelathini na minane ya ndoa, hajawahi kunishika mkono. Nami nilimfinya kwelikweli. Mifinyo mingine ilikuwa ya mambo ya zamani."

Mkono haukusikia. Siku ya tisa mama akachoka kufinya, akaugeuza kiganja juu, akaulaza hivyo. Mzee akakanyaga. Mkono ukatulia! Fundi hawezi kusukuma kitambaa kwa mgongo wa mkono. Miaka yote hiyo mkono haukuwahi kujifunza jambo hilo.

Wiki mbili zikaisha, akarudishiwa pedeli wodini. Muuguzi mkuu akasimama mbele yake, mikono kifuani. Mzee akakanyaga, kiganja juu. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Mashine kimya. Muuguzi mkuu hakupiga makofi, alikwenda kuandika faili. Lakini aliandika huku anatabasamu, nimeambiwa na watu watatu.

Miezi mitatu ikaisha. Wanawe wakaja na kile kiti, wakakiweka chini ya ngazi. Mzee akapita kando yake bila kukitazama. Alipumzika kila ghorofa, lakini alipanda. Ngazi hamsini na nne! Akafungua mlango, na neno lake la kwanza likawa, "Vumbi gani hili?" Mwanawe mkubwa anasema, "Mimi nilibaki chini nimekumbatia kiti kitupu, nalia mbele ya wapita njia."

Akaendelea kupanda kwa miaka sita. Wodini wakaanza kumwiga mmoja mmoja. Leo kuna pedeli kumi. Habari za msiba zilipofika, wagonjwa walikuwa tayari kwenye mashine, wanakanyaga. Muuguzi mkuu alidhani wataacha. Machozi yaliwatoka, lakini hakuna aliyeacha.

Kwa mama, kwa wanawe wawili, kwa wote wa wodi ile, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayesikiliza, wewe uliyeambiwa kwamba mwili wako sasa ni wa kukaa tu, muulize daktari wako vizuri. Akikuruhusu, anza, hata kwa dakika mbili.

Tuseme ukweli, Mzee Pindo hakupona figo. Amekufa nazo zikiwa mbovu vilevile. Lakini asubuhi ya siku aliyofariki alipanda hadi karakana, akamaliza koti la mteja. Kisha akashuka mwenyewe, kwa miguu yake, akaenda nyumbani kula chakula cha mchana na mke wake.